Kwa nini maandishi ya ramani yako hayasomeki? Skeli ya herufi na vipimo kwenye michoro ya kompyuta

“Kijana, hizi mita tatu zilizobaki ni za korido au za nini?”

Fundi alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa chuoni mwaka wa pili. Yeye alikuwa Manyamanyama, Bunda, kwenye kiwanja cha mjomba wangu, na mkononi alikuwa na ramani ya nyumba niliyoichora mimi kwa AutoCAD. Mjomba alijivunia sana ile ramani: mpwa wake kamchorea nyumba, tena bure. Nilimtumia faili kwa WhatsApp, akaenda nalo steshenari, wakamtolea karatasi moja ya A4, akamkabidhi fundi.

Mbele ya nyumba kulikuwa na vyumba vitatu kwa mstari: kimoja mita 4.2, cha kati mita 3.0, cha mwisho mita 3.6. Ongeza kuta nne za tofali la inchi 6, yaani kama sentimita 15 kila ukuta, unapata mita 11.4. Kipimo hicho cha jumla nilikiandika kwa herufi kubwa kidogo, kwa hiyo fundi alikisoma vizuri, akapiga vigingi na kuvuta kamba sawasawa. Vipimo vya ndani ndivyo vilivyomshinda. Alichokiona ni vidoa. Hii ni 3 au 8? Hii ni 6 au 0?

Akafanya kile ambacho fundi mzoefu angefanya. Kwenye kona ya mchoro paliandikwa 1:100, naye anajua kwamba kwenye 1:100 sentimita moja ni mita moja. Akachukua rula. Chumba cha kwanza akapata karibu sentimita 3, cha pili 2.1, cha tatu 2.5. Vijana wakachimba mitaro ya kuta za ndani kwa vipimo hivyo. Walipofika mwisho, upande wa kulia kikabaki kipande cha zaidi ya mita tatu ambacho hakina jina wala kazi. Ndipo akanipigia.

Mitaro ilifukiwa, ikachimbwa upya, na vibarua wakalipwa mara mbili kwa kazi moja. Mjomba hakusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa.

Makosa yalikuwa mawili na yote yalikuwa yangu. Herufi zangu zilikuwa ndogo mno kwa karatasi, na skeli niliyoiandika ilikuwa ya karatasi nyingine. Nataka tuyaangalie yote mawili kwa utaratibu, kwa sababu chanzo chake ni kimoja, na karibu kila mwanafunzi anayeanza kuchora kwa kompyuta huanguka hapo hapo.

Nyumba inachorwa nzima nzima

Mtu aliyechora kwa mkono juu ya ubao, kwa penseli na rula ya skeli, alilazimika kuchagua skeli kabla ya mstari wa kwanza. Ukisema 1:100, ukuta wa mita 4.2 unakuwa milimita 42 kwenye karatasi, basi. Ukibadili mawazo na kutaka 1:50, unaanza upya kwenye karatasi mpya.

Kompyuta ilibadili jambo hilo. Programu ya kwanza maarufu ya kuchora moja kwa moja kwenye skrini, Sketchpad ya Ivan Sutherland, ilitoka MIT mwaka 1963. AutoCAD ilifuata mwaka 1982 na kuifikisha kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo za mezani. Katika programu za namna hii hupunguzi nyumba. Unaichora kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 4.2 unauandika 4200, ukiwa umekubaliana na nafsi yako kwamba kipimo kimoja ni milimita moja. Ndani ya kompyuta nyumba ya mjomba ina upana wa 11,400, kama ilivyo kiwanjani. Skeli inakuja mwishoni, siku ya kuchapa, pale unapoamua nyumba nzima isinyae mara ngapi ili ienee kwenye karatasi.

Mpaka hapo hakuna shida. Shida inaanza unapotaka kuandika neno “SEBULE”.

Ukuta una ukubwa wake. Mlango una ukubwa wake. Neno “SEBULE” je? Ukienda Manyamanyama leo, hutakuta neno hilo limechorwa sakafuni. Halina ukubwa wowote kwenye nyumba. Ukubwa wake uko kwenye karatasi tu, na unategemea macho ya mtu anayeishika hiyo karatasi.

Kwa hiyo ndani ya faili moja la mchoro kuna koo mbili. Ukoo wa kwanza ni vitu vya nyumba: kuta, milango, madirisha, nguzo, msingi. Hivi vinasinyaa pamoja na skeli. Ukoo wa pili ni vitu vya karatasi: maandishi, namba za vipimo, mishale yake, alama ya kaskazini, urefu wa vipande kwenye mistari ya nukta nukta, na kile kisanduku cha chini chenye jina la mchoro. Hivi vinatakiwa vifike kwenye karatasi vikiwa na ukubwa ule ule, iwe umechora choo cha shule au kiwanja cha ndege.

Lakini mashine ya kuchapa haizijui hizo koo. Ukiiambia isinyaze mara 100, inasinyaza kila kitu mara 100.

Hesabu yenyewe ni moja tu

Kama herufi itasinyazwa mara 100, basi ikuze mara 100 kabla. Ndiyo siri yote:

ukubwa wa herufi kwenye mchoro = ukubwa unaoutaka kwenye karatasi × namba ya skeli

Unataka herufi ya mm 2.5 kwenye karatasi, mchoro utachapwa kwa 1:100. Basi 2.5 × 100 = 250. Herufi unaiandika kwa urefu wa mm 250, yaani sentimita 25. Mara ya kwanza namba hii inashtua. Tofali la inchi 6 likilazwa ukutani lina kimo cha kama inchi 9, yaani sentimita 23. Herufi yako ni ndefu kuliko tofali! Ndiyo, na ni sahihi kabisa, kwa sababu itasinyaa pamoja na hilo tofali.

Kwa herufi ile ile ya mm 2.5, angalia inavyokwenda:

- 1:20 (mkato wa msingi): 50
- 1:50 (ramani ya choo au jiko kwa karibu): 125
- 1:100 (ramani ya nyumba): 250
- 1:200 (nyumba na uzio wake): 500
- 1:500 (kiwanja na barabara): 1250

Kama unachora kwa mita badala ya milimita, kama wafanyavyo wapimaji wa ardhi, gawanya kwa 1000. Herufi ya 1:500 itakuwa 1.25.

Mimi nilifanya nini? Sikupiga hesabu. Niliandika vipimo vya vyumba kwa urefu wa 100, kwa sababu kwenye skrini vilikaa vizuri katikati ya kuta. Na hapo ndipo mtego ulipo. Skrini haina skeli. Unasogeza gurudumu la mausi, herufi inakuwa kubwa kama kiganja. Unarudisha, inakuwa punje. Hakuna siku skrini itakuambia herufi hii ni ndogo. Mia yangu ikagawanywa kwa 100, ikawa mm 1 kwenye A3 niliyoikusudia. Steshenari wakaibana A3 iingie kwenye A4, ikawa mm 0.7.

Je, mm 0.7 ni ndogo kiasi gani?

Hapa tunaweza kuuliza jicho lenyewe. Ile chati ya herufi inayoning’inizwa ukutani kliniki ya macho ina kanuni yake, iliyowekwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Mtu mwenye macho ya kawaida anaweza kuitambua herufi ambayo, kutoka pale aliposimama, urefu wake unachukua pembe ya dakika 5. Dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii moja, kwa hiyo pembe hiyo ni nyembamba mno.

Tugeuze pembe hiyo kuwa milimita. Ukishika karatasi sentimita 40 kutoka usoni, dakika 5 ni kama mm 0.6. Karatasi ikiwa sentimita 70, ni mm 1.0. Ikiwa imewekwa juu ya rundo la matofali na wewe umesimama mita moja kutoka hapo, ni kama mm 1.5.

Na huo ni mpaka wa mwisho wa jicho zima, herufi nyeusi tii, karatasi nyeupe, mwanga mzuri. Hakuna anayesoma kwa raha mpakani. Kusoma bila kukaza macho kunataka herufi iwe mara mbili au tatu ya hapo. Sasa weka hali halisi ya kiwanja: karatasi imekunjwa mara nne mfukoni, ina vumbi, wino wa printa umefifia, jua linapiga usoni, na fundi ana miaka hamsini na kitu. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinaanza kuleta ukungu. Kwake yeye mm 0.7 si maandishi. Ni uchafu wa karatasi.

Ndiyo maana kwa michoro ya ujenzi watu wengi huanzia mm 2.5 kwa maandishi ya kawaida na namba za vipimo, 3.5 kwa majina ya vyumba, na 5 au 7 kwa kichwa cha mchoro.

Kipimo kina vitu viwili ndani yake

Maandishi ya kawaida yakikushinda, hasara yake ni usumbufu. Vipimo ndivyo vyenye hatari, na lazima tuvitenganishe sawasawa.

Kipimo kwenye mchoro wa kompyuta si neno uliloliandika. Ni kitu hai. Unabonyeza ukuta huu na ukuta ule, programu inapima yenyewe umbali, inaandika 4200, inaweka mstari, mishale miwili, na vile vistari viwili vya pembeni. Kwa hiyo ndani ya kipimo kimoja kuna thamani, yaani 4200, ambayo ni mali ya nyumba. Na kuna umbo, yaani urefu wa tarakimu, ukubwa wa mshale, nafasi kati ya namba na mstari, ambavyo ni mali ya karatasi. Skeli inaruhusiwa kugusa umbo. Thamani haiguswi.

AutoCAD imeweka swichi mbili tofauti kwa mambo haya mawili, na majina yake yanafanana kiasi cha kuchanganya.

DIMSCALE inakuza umbo. Ukiweka mtindo wako wa vipimo kwa ukubwa wa karatasi, herufi 2.5 na mshale 2.5, kisha ukaandika DIMSCALE 100, vyote vinakuzwa mara 100 kwa mpigo mmoja. Thamani inabaki 4200.

DIMLFAC inazidisha thamani. Kwa kawaida ni 1, na kama hujui kwa nini unaigusa, usiiguse. Ukiiweka 100, chumba cha mita 4.2 kitaandikwa 420000, na herufi zitabaki ndogo vile vile.

Kuna njia tatu mbaya ambazo nimeona wanafunzi wakizitumia namba zikiwa hazisomeki, na mimi nimepita kwenye zote.

Ya kwanza ni kuchagua mchoro wote na kuukuza kwa amri ya SCALE. Maandishi ya kawaida yanakua, ndiyo, na nyumba nayo inakua. Vipimo ni vitu hai, vinajipima upya, na chumba cha 4200 sasa kinasema 8400.

Ya pili ni “kurekebisha” hiyo 8400 kwa kubonyeza mara mbili na kuandika 4200 kwa mkono. Hapo umekiua kipimo. Kuanzia siku hiyo, ukisogeza ukuta, namba haitabadilika. Itaendelea kusema 4200 hata chumba kikiwa 3900. Mchoro wenye namba zilizoandikwa kwa mkono unaonekana mzima kuliko mchoro wenye namba zisizosomeka, na ndiyo maana ni mbaya zaidi: fundi wa namba zisizosomeka atapiga simu, fundi wa namba ya uongo atajenga.

Ya tatu ni kuupa mtindo wa maandishi urefu wa kudumu. Ukifanya hivyo, urefu ulioupanga kwenye mtindo wa vipimo hausikilizwi, na utabaki unabadilisha namba bila kuona mabadiliko. Acha urefu wa mtindo wa maandishi uwe 0, kisha panga urefu kwenye mtindo wa vipimo.

DIMLFAC ina kazi yake halali. Tuseme una ramani ya 1:100 na pembeni unataka mkato wa msingi wa 1:20 kwenye karatasi hiyo hiyo. Watu wa zamani walikuwa wanaunakili ule mkato na kuukuza mara 5. Msingi wa mm 600 unakuwa 3000, na kipimo kitasema 3000. Kwa mkato huo peke yake unaweka DIMLFAC 0.2, na 3000 × 0.2 inarudi 600. Inafanya kazi. Ila mtu mwingine akilichukua faili lako bila kujua, anaweza kupotea vibaya. Siku hizi kuna njia bora.

Dirisha kwenye karatasi

Mwaka 1990, AutoCAD toleo la 11 lilikuja na kitu kipya: uwanja wa pili. Uwanja wa kwanza, ule wa tabo ya Model, ndimo nyumba inamokaa kwa ukubwa wake. Uwanja wa pili, tabo ya Layout, ni karatasi yenyewe, A3 halisi ya mm 420 kwa 297. Kwenye hiyo karatasi unatoboa madirisha, na kupitia kila dirisha unaiona nyumba kwa skeli yake. Dirisha moja linaonyesha ramani yote kwa 1:100. La pembeni linaonyesha msingi kwa 1:20. Nyumba ni ile ile moja, hujanakili wala kukuza chochote.

Uzuri wake ni kwamba kichwa cha mchoro, maelezo na kisanduku cha jina unaviandika juu ya karatasi, nje ya madirisha, kwa ukubwa wake wa kweli. Unataka mm 5? Andika 5. Hesabu ya kuzidisha imekufa.

Inabaki shida ya maandishi yaliyo ndani ya nyumba. Neno “SEBULE” ukiliandika kwa 250 linafaa dirisha la 1:100, lakini kwenye dirisha la 1:50 litatokea na mm 5. AutoCAD 2008 ikaleta maandishi yanayobeba orodha ya skeli zake. Unaliambia neno: kwenye karatasi uwe mm 2.5, na skeli zako ni 1:100 na 1:50. Kila dirisha linakuja na skeli yake, neno linajipanga. Tahadhari moja: dirisha likiwa na skeli isiyokuwemo kwenye orodha ya hilo neno, neno halionekani kabisa. Wanafunzi wengi hudhani wamelifuta. Hawajalifuta, wamesahau kuongeza skeli tu.

Programu nyingine, pamoja na za bure kama LibreCAD, zina kizidishio cha umbo la vipimo chenye jina lake na mahali pake kwenye mipangilio. Jina likiwa lolote, uliza swali lile lile: hii inagusa umbo au inagusa thamani?

Na usisahau mistari ya vipande. Kwenye ramani ya nyumba, ukingo wa paa unaotokeza nje ya kuta huchorwa kwa mstari wa vipande, kumaanisha “hiki kiko juu, si cha kujenga hapa chini”. Kipande cha mm 6 kikisinyazwa mara 100 kinakuwa mm 0.06, na mstari wote unaonekana mzima. Mtu anaweza kuusoma kama ukuta. Swichi yake ni LTSCALE, na hesabu yake ni ndugu wa hesabu ya herufi.

Karatasi nazo zinasinyaa

Kosa langu la pili lilikuwa skeli. Niliandika 1:100 nikiwaza A3, fundi akapokea A4. Je, ilisinyaa kiasi gani?

Karatasi za mfululizo wa A zimetengenezwa kwa akili. A0 ina eneo la mita moja ya mraba, mm 841 kwa 1189. Ukiikata katikati unapata A1, ukikata tena A2, kisha A3, kisha A4. Uwiano wa pande mbili ni kipeuo cha pili cha 2, yaani kama 1.414, na kwa sababu hiyo kila karatasi ina umbo lile lile la mama yake. Ukishuka hatua moja, urefu wa kila mstari unazidishwa kwa 0.707. Ukishuka hatua mbili, kama A1 kwenda A3, unakuwa nusu kamili.

Sasa rudi Manyamanyama. Chumba cha mita 4.2 kwenye 1:100 ni mm 42. Zidisha kwa 0.707, unapata 29.7. Ndiyo ile “karibu sentimita 3” ya rula ya fundi. Milimita 30 zinakuwa 21.2, na 36 zinakuwa 25.5. Rula yake haikukosea hata kidogo. Karatasi ile haikuwa 1:100 tena; ilikuwa kama 1:141, huku maandishi ya konani yakiendelea kudai 1:100.

Waliotunga viwango vya kimataifa vya uandishi wa michoro waliliona jambo hili zamani. Angalia urefu wa herufi uliopendekezwa na kiwango cha ISO 3098: 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14, 20. Mwanzoni nilidhani ni namba za kubahatisha. Gawanya kila moja kwa ile inayoitangulia: unapata kama 1.4 kila mara. Ni uwiano ule ule wa karatasi! Herufi ya 5 kwenye A1, ikipunguzwa kwenda A2, inakuwa 3.5. Ya 3.5 inakuwa 2.5. Ya 2.5 inakuwa 1.8. Unene wa kalamu za wino nao ulipangwa hivyo hivyo: 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Kila karatasi ikishuka hatua moja, herufi na mistari vinashuka ngazi moja na kutua kwenye ngazi iliyopo.

Maana yake kwetu ni hii. Ningeandika vipimo vya nyumba ile kwa mm 2.5 kwenye A3, steshenari wangeweza kuibana hadi A4 na namba zingetua kwenye 1.8, ngazi ya chini kabisa ya kiwango, na fundi angezisoma. Skeli ingekuwa ya uongo bado, lakini asingehitaji rula.

Na kwa Tanzania, kubanwa hadi A4 ndiyo hali ya kutegemea. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF. Yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule na halmashauri zikitumia mafundi wa maeneo yao badala ya makandarasi wakubwa. Utaratibu huo una maana kwamba msomaji wa mwisho wa mchoro ni fundi wa kijijini, na mashine ya mwisho ni printa iliyo karibu naye. Plota ya A1 haiko kila mahali. Printa ya A4 iko.

Kabla hujatuma faili

Haya ndiyo ninayofanya sasa:

1. Nachagua karatasi ndogo kabisa ambayo mchoro unaweza kuishia, kisha napanga herufi zisomeke humo. Kama naogopa A4, naanza na 3.5 kwenye A3.
2. Naandika skeli pamoja na karatasi yake: “1:100 kwenye A3”. Skeli bila karatasi ni nusu ya habari.
3. Nachora skeli ya mstari, kipande cha mita 5 kilichogawanywa kwa mita moja moja. Karatasi ikisinyaa, nacho kinasinyaa vile vile, kwa hiyo hakidanganyi. Kwenye 1:100 ya kweli kitakuwa mm 50. Kikiwa mm 35, unajua papo hapo kwamba karatasi imebanwa.
4. Naandika kwa herufi kubwa: USIPIME KWA RULA, FUATA NAMBA. Lakini maneno haya yana haki ya kuwepo pale tu ambapo namba zinasomeka.
5. Kwenye dirisha la kuchapa naondoa tiki ya kubana mchoro uenee karatasi, nachagua skeli kamili, na namwambia mtu wa steshenari asibane na yeye.
6. Kwa vipimo vikuu naweka na futi. Mafundi wetu wengi wanasema chumba cha futi 12 kwa 14, na AutoCAD inaweza kuandika kipimo cha pili pembeni ya cha kwanza. Ile 4200 ni futi 13 na inchi 9 na kidogo. Siweki kila mahali, mchoro utajaa.
7. Nachapa moja kwenye A4, naiweka chini sakafuni, nasimama wima, najaribu kusoma.

Hilo la saba nilifundishwa na fundi yule yule. Nilipokwenda likizo nilimpelekea ramani mpya mkononi, na kabla ya shikamoo yangu kuisha vizuri alikuwa ameshaiweka juu ya rundo la mchanga, akaikandamiza kwa kipande cha tofali, akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama akiwa amesimama, mikono nyuma. “Elfu nne mia mbili,” akasoma. “Elfu tatu. Elfu tatu mia sita.” Kisha akaniuliza kwa nini sikuichora hivyo toka mwanzo.

Una ramani yoyote nyumbani, ya kiwanja au ya nyumba? Chukua rula, tafuta kipimo kimoja kilichoandikwa, pima mstari wake kwa milimita, kisha gawanya namba iliyoandikwa kwa namba ya rula, zote zikiwa milimita. Linganisha jibu na skeli iliyoandikwa konani. Kama skeli inasema 100 na wewe umepata 141, sasa unajua kilichotokea steshenari.